Daktari Anatibu Ukoo wa Gachanja, Mgonjwa Ni Mimi

Mpendwa mshauri Linah, nisaidie maana nimechoka na watu na nimejichosha mwenyewe. Mimi ni mtu wa Siaya, nakata maua hapa Naivasha, nina miaka ishirini na tisa, sivuti sigara wala situmii ugoro. Januari wakati wa fujo za uchaguzi, watu wa kwetu walipokuwa wakiwindwa hapa, nilikuwa na kidonda kwenye ulimi na niliogopa kutaja jina langu hospitalini, basi rafiki yangu Gachanja, aliyenificha kwake, akanipa kadi yake ya matibabu nikatibiwe kwa jina lake, na faili ni lake mpaka leo. Walikata kipande cha nyama wakapima, ni kansa. Daktari akashangaa, mbona kijana hivi, akasema pengine ni kasoro ya kurithi, na kuna kipimo cha vinasaba, damu inapelekwa nje ya nchi, kwa sababu wenye kasoro hiyo wakipewa dawa na mionzi ya kawaida wanaweza kuuawa na matibabu yenyewe. Akauliza kwetu nani aliugua. Nikaona nikisema ukweli jina langu litatoka, nikajibu ya kina Gachanja: wote wazima, babu ana miaka tisini. Akasema basi kipimo hakina haja, dawa tuanze mwezi ujao. Lakini dada yangu Akoth alikufa na kidonda mdomoni, na mdogo wetu alikufa kwa kuishiwa damu akiwa na miaka tisa. Sasa hospitali imempigia Gachanja, simu akapokea mkewe, akaambiwa mumewe aje kuanza dawa ya kansa, amelia siku mbili. Gachanja ananifokea, "Boss, nilikupa kadi, sikukupa ulimi! Mama watoto ameshaanza kunipikia uji!" Nikisema ukweli si nitafukuzwa hospitalini? Si watamshtaki yeye?

Mkata Maua, Naivasha

Mkata Maua, pole kwa ugonjwa, na hofu ya Januari siicheki. Lakini sasa ni Juni! Daktari amekuuliza swali la kuokoa maisha yako, wewe ukamjibu kwa babu wa mtu mwingine. Halafu wafu wenu unaniambia mimi, nisiye na hata sindano?

Dawa usiianze. Leo mpigie mama yako, umuulize mdogo wenu alitibiwa wapi na nani mwingine aliwahi kuishiwa damu. Kesho omba ruhusa kazini, chukua kitambulisho chako, nenda na Gachanja kwa daktari. Anza na Akoth na yule mtoto, habari ya kadi ifuate. Wakifoka, wafoke. Faili libadilishwe jina, na kile kipande cha nyama pia, kisha uombe kipimo. Hakitakuponya, ila kitamwonyesha daktari dawa ipi apunguze na ipi asikuguse nayo. Ndugu zako walio hai nao wanahitaji hilo jibu.

Siwezi kukuahidi kwamba Gachanja hataulizwa. Aulizwe. Ukifa kwa jina lake, mama yako atatoka Siaya kuja kuchukua maiti, na ataambiwa hapajawahi kulazwa mtu wa jina hilo.