Glasi ya Hoza

Mama, shikamoo. Nimefika salama Malindi, hii ya huku milimani Lushoto. Baridi inaingia hadi mifupani, na leo ni siku ya tatu hatujaona jua.

Nimefikia kwa Mama Hoza, mwanafunzi wetu wa kisomo cha watu wazima. Nilipanda mlima kwa miguu, nikafika koo limenikauka. Akanipa glasi ya maji kwa mikono miwili, nikayanywa yote pale pale.

Baadaye nikaona uani sanduku alilotengenezewa na fundi kwa mbao chakavu. Ndani limepakwa masizi, juu limefunikwa kioo cha dirisha. Jua likiwaka, maji ya mtoni hugeuka mvuke, hushika kwenye kioo, kisha huchuruzika yakiwa safi, tone kwa tone, hadi kwenye chupa. Chupa ilikuwa tupu. Ndani ya nyumba amelala mwanawe, Hoza, ndiyo kwanza anapata nafuu ya kuhara, na mganga wa zahanati amekataza asipewe maji ya mtoni hivi hivi. Kuni za kuyachemshia zote zimelowa.

“Kumbe yalikuwa ya mtoto! Mbona hukusema?”

“Mwalimu, umetoka mbali,” akajibu. “Ningekuambia nini?”

Ametoka kwenda kuomba kuni kavu kwa jirani, mimi nimebaki na Hoza. Ameshaniomba maji mara mbili.

Nisalimie sana wadogo zangu. Nikirudi nyumbani, Mama, usinipe maji kabla wao hawajanywa.

Mwanao akupendaye,
Salimu