Mlango wa Nne wa Mama Mdogo

Mpendwa Mama Mdogo,

Nimefaulu! Naanza na hilo kwa sababu nakujua: ulipokuwa hai, kila barua ulikuwa unaruka salamu zote ukitafuta habari yenyewe. Shahada ya uzamili nimeipata, na kazi niliyoandika inahusu nyimbo za masimulizi za Uingereza ya kale. Nakusikia kabisa kutoka huko uliko: "Eish! Miaka yote hiyo ya chuo, juu ya kuimba?" Ndiyo, juu ya kuimba. Na aliyenifaulisha ni wewe, ingawa hukuniachia hata mstari mmoja wa maandishi.

Jumamosi saluni yako ilikuwa inajaa akina mama kutoka viwanda vya Jacobs, hapa Durban, na mimi, mtoto wa miaka kumi, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nakutenganishia nywele za kuongezea. "Da Vumi, tuimbie ya moto," mmoja angesema, nawe ulianza bila hata kukohoa. Binti ametumwa moto kwa jirani. Anabisha mlango wa kwanza, anaulizwa mama yake amekosa nini hata kiberiti, mlango unafungwa. Wa pili ni vilevile, neno moja tu limebadilika. Wa tatu vilevile. Saluni nzima ilikuwa inaitikia, "Hodi, nimetumwa moto!" Mwenye kusukwa mistari aliupata wimbo mfupi. Mwenye rasta za kufika kiunoni aliupata mrefu, na kila mwenye mlango akawa na maneno mengi kama wajomba kwenye kikao cha harusi.

Shida yangu ilikuwa mlango wa nne. Kwa bibi harusi, ulifunguliwa na kijana mwenye makaa mazuri na mabega mapana. Kwa yule mama aliyeachwa na mumewe, binti alirudi mikono mitupu akakuta mama yake ameshawasha mwenyewe, uji unachemka. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani na nilipenda jibu liwe moja. "Mama Mdogo, unakosea! Wiki iliyopita hukusema hivyo!" Wateja walicheka hadi vichwa vikakuponyoka.

Basi nikakurekebisha. Niliuandika wote kwa kalamu ya bluu, nikachagua mwisho wa kijana mwenye mabega, nikaibandika karatasi kwenye kioo chako. Nawe, kwa heshima uliyokuwa nayo kwa shule, ukaufuata. Jumamosi tatu uliimba kilichoandikwa, na Jumamosi ya tatu hakuna aliyeitikia isipokuwa mimi.

Ya nne alikuja mama mgeni kutoka Bukavu, hana hata mwezi Durban. Alikaa kwenye kiti akaanza kulia kimya kimya. Ulifika mlango wa nne, ukaitazama karatasi, ukamtazama yeye kwenye kioo. Kisha ukaibandua karatasi yangu, ukaikunja, ukachukua kwenye jiko kitana cha moto cha kunyooshea nywele, ukakipimia joto juu ya karatasi hiyo. Iliungua mistari ya kahawia, moshi ukatoka. Nikapiga kelele.

"Weye mutoto," ukaniambia kwa Kiswahili chako cha Kongo, "mimi minaangaliaka kwanza ni nani amekaa kwa kiti. Karatasi yako haina macho."

Ukamwimbia kwamba mlango wa nne ulifunguliwa na mtu asiyejua lugha ya yule binti hata neno moja, akamjazia makaa hadi juu. Yule mama alicheka huku machozi yanashuka. Mimi nilinuna. Nilinuna vizuri sana, Mama Mdogo, maana kuanzia siku ile nilikuwa nafanya kazi na spika za simu masikioni, miaka na miaka, na miisho mingine yote ilinipita.

Nikaja kulipia chuoni. Nilikuwa nasoma kwamba nyimbo zile zilikuwa midomoni mwa wafumaji, watumishi na yaya. Kwamba zinaanza katikati ya jambo bila maelezo, swali linaulizwa mara tatu na neno moja tu linabadilika. Nikasoma kwamba baadaye zilichapwa kwenye karatasi za bei rahisi, zikauzwa mitaani, na watu wakazibandika ukutani. Ukutani! Nilicheka maktabani mpaka mlinzi akaja kuniangalia. Halafu nikalia kidogo, kwa sababu nilielewa nimepoteza nini. Waingereza wana mamia ya nyimbo zilizohifadhiwa. Wako mmoja, mimi mwenyewe niliuzibia masikio.

Siku ya kutetea kazi yangu, profesa mmoja, mama mpole wa Kizulu, aliniuliza: "Una matoleo kumi na moja ya wimbo mmoja. Lipi ndilo lenyewe?" Jibu la kitabuni nilikuwa nalo. Badala yake nikawaeleza saluni, karatasi na kitana. Nikasema: ninachojutia ni kutojua nani alikuwa amekaa kwenye kiti, mara zote kumi na moja. Akavua miwani, akasema, "Sharp, my girl." Nikajua nimepita.

Lakini hofu ilibaki. Shahada ninayo, na wimbo wako sikuweza kuuimba. Kila nikijaribu, nafika mlango wa nne nasimama, nikitafuta ungesema nini wewe.

Mwezi uliopita, hapa kwetu Queensburgh, nilikuwa namsuka binti yangu. Anaitwa Vumilia, kwa ajili yako, na kusukwa hapendi. Alikuwa amehama shule, hana rafiki, na analalamika juu ya kila unywele. Mdomo wangu ukaanza wenyewe. Akaitikia hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye mlango wa nne nikamtazama usoni, na wimbo ukajifungua: alikuwepo msichana wa rika lake, naye ametumwa moto na hajaupata, wakaenda pamoja mlango wa tano.

Alitulia mpaka nikamaliza kichwa chote. Mama Mdogo, furaha niliyoisikia siku ile chuo hakikunipa.

Jana nikamwimbia tena. Sasa anaye rafiki, mtundu kama yeye, wanapigiana simu kutwa. Kwa hiyo mlango wa nne nikaweka bibi mwenye kitana mkononi, anayechoma karatasi za watoto wajuaji.

Vumilia akageuka, nywele zikanitoka mkononi. "Mama, unakosea! Haikuwa hivyo!" Akakimbia kuleta daftari na kalamu, auandike vizuri, nisikosee tena.

Nimemwacha aandike. Kitana chako ninacho, na kinahitaji karatasi.

Pumzika na vicheko vyako, Mama Mdogo. Huku tunaendelea kubisha hodi.

Mtoto wa dada yako, yule mjuaji wa kwenye ndoo