Adui wa Picha Yetu

Jumapili, 4 Agosti 1996

Mazoezi kwa Victor, Kihonda. Sebuleni, meza imesukumwa ukutani. Wiki hii Victor hapigi video za harusi, ametupa sisi muda wake wote — na hotuba. Picha za kusisimua ziko za aina aina, anasema. Za majasusi. Za mahakamani. Za mtu aliyesingiziwa, anakimbia polisi na wauaji kwa mpigo. Na za utekaji. Ya kwetu ni ya utekaji. Haihitaji helikopta, inahitaji kamba na mwanamke anayejua kupiga kelele.

Mwanamke ni mimi! Tangu kiwanda kitupunguze sijawahi kutoka nyumbani na shauku hivi. Stambuli naye walimpunguza siku ileile. Yeye fundi mitambo, mimi mpiga chapa. Yeye ndiye adui. Mtu mpole kuliko wote ninaowajua! Akinikaba shingo anauliza, "Nimekuumiza, dada Jesca?" Victor anawaka. Adui haulizi.

Jumanne, 6 Agosti

Matombo. Barabara imetuvunja viuno. Tumefikia misheni, kwa Sista Modesta wa zahanati, ndugu yake Victor.

Nilimuuliza Victor kama ameongea na mwenyekiti wa kijiji. Bado. Wakijua watajazana kuchungulia kamera, watacheka, hofu itapotea. "Bila hofu ni ngonjera, Jesca!" Nikaenda kutafuta gunia. Niandike ukweli: na mimi nilitaka picha itoke nzuri.

Jumatano, 7 Agosti



Tulianza saa tatu asubuhi, migombani, chini ya barabara. Mara tatu tuliharibu kwa kucheka. Mara ya nne nikakimbia kweli, nikapiga kelele kweli — ananiua, jamani, ananiua! Stambuli nyuma yangu na kamba. Akanidaka, akanivika gunia.

Ndani ya gunia nikasikia miguu mingi. Halafu kishindo. Halafu Stambuli akilia kwa sauti ambayo hatukuifanyia mazoezi.

Nilipojivua gunia — wanaume kama ishirini. Fimbo, mapanga. Wanaongea Kiluguru, sikushika kitu ila neno moja: mumiani, mteka watu anayewanyonya damu. Nikapiga ukelele kwamba ni mchezo, ni picha, huyu rafiki yangu! Mama mmoja akanikumbatia, akanifunika kanga yake. "Pole mwanangu. Amekutisha mpaka unamtetea."

Na Victor? Juu ya kichuguu, jicho kwenye kamera. Anaendelea kupiga! Nilimwita mara mbili ndipo akashuka.

Aliyemwokoa Stambuli ni mwenyekiti, Mzee Mwinshehe. Alijitupa katikati, akasema kwa Kiswahili kwamba kijijini kwake hauawi mtu kabla ya kuulizwa. Wamemfungia ofisi ya kijiji. Kanda ya video mzee ameichukua.

Alhamisi, 8 Agosti

Victor aliondoka alfajiri na Landrova. Anakwenda mjini kuleta barua ya afisa utamaduni. Leo Nane Nane — ofisi zimefungwa! Alijua? Sijui. Jua limezama, hajarudi.

Mchana Mzee Mwinshehe alisema kesho kanda itawekwa kwenye video ya misheni, watu waione, waamue. Nikafurahi. Furaha ya dakika moja. Zile tulizocheka Victor alizifuta, alirekodi juu yake, kubana kanda. Iliyobaki ni moja tu: mimi nalia, naomba roho yangu.

Nilimweleza Stambuli dirishani. "Usiwaonyeshe, dada. Hata mimi nikiiona nitajikamata." Akajaribu kucheka, mdomo ukatoka damu.

Sasa yeye ndiye aliyesingiziwa. Lakini kwenye picha mtu wa namna hiyo hukimbia. Stambuli mguu mmoja haukanyagi.

Ijumaa, 9 Agosti

Victor hajarudi. Habari imefika kutoka Kisaki: mtoto haonekani tangu Jumatatu. Vijana mbele ya ofisi wameongezeka.

Nilikwenda kwa Mzee Mwinshehe. Shikamoo. Nikapiga magoti. Nikamwomba asiwashe video. Amfungulie Stambuli, tuucheze mchezo wetu tena mbele ya kijiji kizima, mwanzo mpaka mwisho. Kisha nisimame mzima, nimshike mkono. Wataona ilikuwa kazi.

Mzee akaniinua. "Na akikudhuru kweli?"

"Hawezi, mzee."

"Wewe unajua. Vijana wangu hawajui."

Nikamwomba basi awaambie waweke fimbo chini. Akasema atawaambia.

Stambuli alikataa, kisha akakubali. Ameomba jambo moja: nipige kelele kidogo kidogo. Nimemwambia haiwezekani. Zisipokuwa zilezile za juzi, nani ataamini?

Saa nne kasoro. Naandika nimekaa kwenye ngazi ya ofisi, Sista Modesta amesimama kando yangu na rozari. Uwanja umejaa mpaka kwenye mikarafuu. Wamemtoa Stambuli, anachechemea, macho yamevimba, kamba wamempa mkononi. Ameishika kama inamuunguza. Mzee Mwinshehe anaongea nao, Kiluguru, taratibu, bila kupandisha sauti. Sielewi neno. Natazama mikono yao.

Amemaliza. Ananipungia nianze.

Hakuna hata fimbo moja iliyowekwa chini.