Baraza la Watoto Limenipa Hadi Tarehe Ishirini na Nane

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuomba uniokoe, na unisamehe kama mwandiko unarukaruka, maana nacheka huku naogopa na mkono haujui umfuate nani. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, msimamizi wa makao ya watoto, na watoto wenyewe wananiita Mama Mkubwa ingawa kwa kimo wawili kati yao wameshanipita. Nina furaha ambayo sijaionja tangu niolewe, na chini ya hiyo furaha kuna kosa nililolifanya kwa mikono yangu miwili, na sijui nianze kulipasua wapi.

Mwezi uliopita tulikaguliwa. Ukaguzi wa viwango ni zaidi ya kufagia uwanja na kuwavalisha watoto soksi, mshauri, anakuja mkaguzi kutoka ofisi ya ustawi wa jamii, mama mmoja mpole ambaye watoto wamembatiza Mama Futi kwa sababu ya ile futi yake ya kupimia, anapima nafasi kati ya kitanda na kitanda, anausukuma mlango wa dharura aone kama kweli unafunguka, anasoma faili la kila mtoto, anaonja uji, halafu anakaa na watoto bila mimi kuwepo na kuwauliza wanaishije. Leseni yetu inasema watoto kumi na wanane, kila mmoja na kitanda chake. Mimi ninao ishirini na mmoja.

Watatu waliozidi ni ndugu wa tumbo moja, mkubwa ana miaka tisa, wa kati sita, na kitinda mimba bado anavuta maneno. Waliletwa wakati wa mvua na jirani yao baada ya mama yao kufariki hospitalini, jirani akasema amekwenda ofisini amekuta pamefungwa, basi niwashike siku mbili tu. Siku mbili zimekuwa miezi saba. Sikuwaandika daftarini kwa sababu nilijua wakiandikwa tumezidi idadi, na tukizidi idadi watahamishwa, na hakuna makao yenye nafasi tatu kwa mpigo, watagawanywa mmoja huku mmoja kule, na hawa watoto hulala wameshikana mikono, ukimgeuza mmoja wote watatu wanageuka. Siku ya ukaguzi niliwafungia nguo zao nikawapeleka kwa mdogo wangu hadi jioni. Tulipokuwa njiani yule wa kati, ambaye sote tunamwita Maswali, aliniuliza, "Mama Mkubwa, leo nahesabiwa huku au kule?" Nikamwambia aangalie barabara.

Hilo ni la kwanza. La pili, sasa uniandalie maji ya kunywa. Viwango vinasema watoto wawe na baraza lao la kutoa maoni, likae kila mwezi na liandike kumbukumbu. Sisi hatukuwa na baraza. Basi wiki moja kabla, nilijifungia ofisini alasiri na kalamu nne za rangi tofauti nikaandika kumbukumbu za miezi minne, nikatunga maombi, nikatunga majibu, mpaka ugomvi mdogo kuhusu ndoo nikautunga ili ionekane kweli. Binti mmoja wa miaka kumi na mitatu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, nikamfanya mwenyekiti, na mwenzake wa miaka kumi nikamfanya katibu kwa vile ana mwandiko mzuri.

Mama Futi alisoma zile kumbukumbu, akavua miwani, akasema angependa kuliona baraza likikaa. Nikadhani mwenyekiti atakodoa macho tu. Kumbe. Yule mtoto alivuta kiti, akagonga meza kwa mwiko wa mpishi, akasema, "Wajumbe wakae, anayetafuna ameze." Wakakaa dakika arobaini. Walipiga kura kuhusu rangi ya mapazia, walijadili kwa nini wakubwa hawabishi hodi bwenini, walimwuliza Mama Futi mwenyewe kama alikuwa na ratiba au amekuja kututembelea tu. Mkaguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Tukapata alama za juu kuliko makao yote, tukapewa cheti, na tukaambiwa mwezi ujao wasimamizi wa makao mengine kumi na moja watakuja kujifunza kwetu. Siku ile nilicheza korido nzima na fagio, sikutanii.

Nilidhani yameisha. Jumamosi iliyofuata nikasikia mwiko unagonga. Baraza limekaa tena, na sikuliita mimi. Na tangu hapo halijaacha. Limetaka komeo kwenye milango ya bafu, tumeweka. Limetaka tubishe hodi, tunabisha. Mpishi aliitwa kuelezea madonge ya uji, akaja na aproni safi na akasimama mbele yao kwa adabu zote akasema, "Waheshimiwa, ni mimi, nilikuwa nakoroga huku nasikiliza redio," na wakamsamehe kwa kura kumi na saba dhidi ya moja. Mtoto ambaye hakuwahi kunena neno mezani, sasa anainua kidole anasema, "Taarifa, mwenyekiti." Mshauri, nyumba imechangamka kama ina harusi kila wiki, na mimi napita nikijishika mdomo nisicheke kwa sauti.

Sasa sikiliza kikao cha juzi. Katibu alinisomea mwenyewe, amesimama wima mlangoni, baada ya kubisha hodi. Ajenda ya tatu ilikuwa mimi. Baraza limegundua kwamba kumbukumbu za miezi minne ya mwanzo zina mwandiko wa Mama Mkubwa. Baraza limegundua kwamba watoto watatu hawamo kwenye daftari wala kwenye cheti. Baraza linampenda Mama Mkubwa, hilo nalo limeandikwa, na linampa hadi tarehe ishirini na nane akamwambie Mama Futi ukweli, asipofanya hivyo litapiga simu lenyewe kwa ile namba ya malalamiko iliyobandikwa ukutani. Namba ile niliibandika juu karibu na dari, mkaguzi ndiye aliyenifanya niishushe hadi kimo cha mtoto.

Mdogo wangu anasema nilifute hilo baraza, watoto ni wa kucheza na kusoma, hii habari ya bunge itanitia kitanzi. Mimi moyo hautaki. Lakini nikisema ukweli, wale watatu si watatenganishwa wakiwa wameshikana mikono? Na cheti, na wageni kumi na moja, na jina langu? Nisaidie.

Mimi, Mama Mkubwa wa watoto kumi na wanane, samahani, ishirini na mmoja.

Mshauri anajibu

Mama Mkubwa,

Barua yako nimeisoma mezani kwangu kazini, na mwenzangu wa kurasa za michezo akaja kuuliza nani kafunga bao. Nimemsomea kipande cha mpishi. Sasa tumemaliza kucheka, kaa chini nikuseme.

Umeghushi kumbukumbu. Ni aibu, na utaibeba, wala haitakuua. Lakini umewaficha watoto watatu, na hapo sina kicheko hata cha kuazima. Hebu fikiri. Moto umeshika jikoni, mmetoka kupitia ule mlango wa dharura, mmejipanga uwanjani, afisa wa zimamoto ameshika nakala ya daftari anahesabu. Akifika kumi na nane atakuambia wametimia. Kitinda mimba akipelekwa hospitali, daktari atauliza ana historia gani ya ugonjwa, utamsomea faili gani? Unadhani ile idadi kwenye leseni imewekwa na mtu anayechukia watoto? Imewekwa ili kila kichwa kiwe na mtu mzima anayejua kilipo. Na Maswali alikuuliza jambo la maana, ukamwambia aangalie barabara.

Najua ulifanya kwa huruma. Nimeiona hiyo huruma, imejaa barua nzima. Ila umewaamulia watoto maisha yao bila kumuuliza yeyote. Unasema watatenganishwa; nani kakwambia? Hujauliza, umejitisha mwenyewe miezi saba. Na je, hao watoto hawana ndugu? Mama yao hakuzaliwa na mtu? Baba yao je? Hata hilo barua yako haisemi, na naogopa haisemi kwa sababu hukutafuta.

Kuhusu baraza: usiliguse. Mdogo wako mwambie asante, chai ipo jikoni. Ulitunga uongo wa karatasi na watoto wakaugeuza ukweli, basi wewe wa kuwafunga mdomo ni nani? Tena nakuonya, usiwaache wafike kwenye simu. Kumripoti anayekulea ni mzigo mzito sana kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na tarehe ishirini na nane wameiweka mbali makusudi wakuombee uwahi.

Fanya hivi. Ukishasoma gazeti hili, usimalize hata ukurasa, vaa viatu. Nenda ofisini kwa Mama Futi na daftari la zile kumbukumbu zako za rangi nne na cheti chako. Wataje watoto watatu kwa majina yao kamili, na jina la mama yao, na la jirani aliyewaleta. Omba kwa maandishi kwamba ndugu hawa wasitenganishwe, na eleza wanavyolala. Usilie kabla hujamaliza kueleza, watu wakilia hufupisha. Halafu rudi nyumbani, bisha hodi, uliambie baraza umekwenda. Cheti wakikichukua, wakichukue.

Barua ya pili, wiki tatu baadaye

Mshauri,

Nilikwenda siku ileile. Kiatu kimoja nilikifungia kwenye ngazi za ofisi.

Mama Futi alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Kumbukumbu nilizitilia shaka. Watoto watatu nilipita bila kuwaona, na hilo ndilo linaloniuma." Akavuta kitabu kikubwa, akaniuliza jina kamili la marehemu mama yao. Nikamtajia. Kalamu yake ikasimama. Akaliuliza tena, nikatamka polepole.

Mshauri, wana shangazi. Dada wa baba yao, alikuwa mbali, alirudi akakuta nyumba ina wapangaji wengine na yule jirani amehama. Alifika ofisini mara tatu kuulizia watoto watatu, na mara tatu wakamfungulia madaftari ya makao yote, langu likiwemo, wakamwambia hawapo. Hapo ndipo nilipolia, na nilikuwa nimeshamaliza kueleza.

Walimpigia simu nikiwa nimekaa palepale. Yeye ni msusi. Kufika makao na Mama Futi, nikakuta ametutangulia, amesimama getini na kitana kimechomekwa kichwani, na nyuma yake mwanamke mwenye upande mmoja umesukwa na upande mwingine umesimama kama umepigwa umeme. Ni mteja wake. Alipoachwa kitini akauliza unakwenda wapi, akaambiwa, akasema basi twende wote, siwezi kukaa hapa nusu kichwa nisijue imekuwaje.

Mkubwa wa miaka tisa alimtambua kabla geti halijafunguka vizuri. Hakukimbia. Aliwageukia wenzake akawaambia, "Ni shangazi, shikeni mikono," na wakaenda wote watatu kwa mstari, wakiharakisha, mpaka wakamgonga tumboni. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa hotuba ndefu. Nilipoanza tu, alisema, "Mama, uliwalisha miezi saba. Mengine tutaongea nikishapumua."

Cheti kimerudishwa ofisini, ugeni wa makao kumi na moja umefutwa, na nimepewa barua ya onyo na miezi sita ya kuangaliwa kwa karibu. Watatu wameandikwa daftarini na kupewa kibali cha kukaa kwetu pamoja, hadi Mama Futi amalize kuikagua nyumba ya shangazi, ambaye sasa huja kuwaona kila Jumamosi. Baraza limepitisha kwamba onyo libandikwe ukutani, kimo cha mtoto.

Siku ile shangazi hakuweza kuondoka upesi, wala hakuweza kumrudisha mteja barabarani vile. Akaomba kiti, akamkalisha uwanjani, akaendelea alipoishia. Maswali alikuwa anampa shangazi nywele za kusukia moja moja na kumuuliza kila moja inakwenda wapi, na watoto wengine wamezunguka wanahesabu mistari. Mteja alitoka getini amependeza, akasema hajawahi kusukwa na watu ishirini na wawili.

Mshauri anajibu

Mama Mkubwa, shangazi akija Jumamosi, mpe kitabu cha wageni asaini, halafu mpeleke mezani wanakokula watoto na umwachie nafasi katikati yao. Ile hotuba yako ya radhi bado unadaiwa. Ikiwa ndefu, mwombe mwenyekiti akupangie dakika.