Pepo Aliyeomba Betri

Mpendwa Tumu, binti wa mjomba,

Sina anwani yako. Barua niliyokutumia Maskati ilirudi kama ilivyokwenda, na huko kwenu Moa hakuna anayejua ulihamia kwa tajiri gani. Basi hii naiandika wazi, aisome atakayeisoma. Huenda ikafika mahali ulipo.

Juzi nimepita sokoni Ngamiani nikaona betri zimepangwa mezani rundo kwa rundo, kama ndimu. Siku hizi kila kitu ruksa. Muuzaji akaniita, "Mama, chukua betri, za kumwaga!" Nikacheka mpaka machozi, naye akanuna akidhani naidhihaki bidhaa yake. Ningemweleza nini? Ni wewe tu ungenielewa.

Maana unakumbuka tulivyozianika betri juani zipate uhai kidogo, na tulivyorudisha kaseti nyuma kwa kalamu ili tusizimalize. Wakati ule sabuni ya foleni, sukari ya foleni, na betri ukiipata ujue ni ya magendo. Mjomba alikuwa akivusha sabuni kutoka ng'ambo ya mpaka, na wewe mwana wa mvushaji ukavusha vya kwako: ile redio ndogo ya kaseti yenye visikizio vya masikioni, na kaseti ulizozipata kwa mabaharia Mombasa. Ulikuja kwetu Makorora umejifunga kanga juu ya kanga. Mama akakukagua. "We Tumu, mbona umenenepa kiuno tu?" Ukamjibu bila kupepesa macho, "Shikamoo shangazi. Tumbo la mihogo hili."

Mimi nilikuwa ndani. Nilishaposwa, na mwari akishaposwa haonwi na jua. Dirisha lilipigiliwa misumari, nikawa najua saa kwa adhana na mvua kwa bati. Asubuhi kupakwa liwa ya kulainisha ngozi, jioni kupakwa liwa, katikati kusubiri. Bwana niliyetafutiwa nilikuwa nimemwona mara moja tu, kisogo chake. Alikuwa na umri wa kukaa baraza moja na baba.

Ukaingia, ukafunga mlango, tukagawana visikizio, sikio langu na sikio lako, mashavu yamegusana. Gitaa lilianza peke yake, linanguruma kama korona, ile mashine ya kukamulia mkonge. Kisha ngoma zikaingia kama mtu anayevunja mlango. Nikasema moyoni, haya, huyu anakuja kunitoa.

"Huu ndio muziki wa chuma, yakhe," ukaninong'oneza. "Sikiliza vizuri, usinitie aibu."

Ulikuja pia na kaseti za rock ya zamani, ya wakati sisi tungali watoto wa kubebwa. Hizo ndizo nilizozipenda zaidi. Kulikuwa na gitaa moja lililolia polepole, linabembelezwa halinyamazi. Ukanicheka. "Wewe wapenda za wazee, ndiyo maana waozwa mzee." Lilinichoma lile neno, lakini nilicheka, maana ulikuwa mtu pekee aliyelisema waziwazi mle ndani.

Ukanifundisha na kutikisa kichwa. Uliiga picha ya kwenye jalada la kaseti: nywele mbele, nywele nyuma, shingo imelegea. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ulikuwa jikoni unamsaidia mama. Mimi peke yangu, kanga imefunika visikizio, nimefungua nywele, natikisa kichwa na kuyapigia kelele yale maneno ya Kizungu ambayo nusu yake sikuyajua. Somo yangu, yule mama aliyepewa kazi ya kunifunda, akaingia na bakuli la liwa. Bakuli likaanguka. "Amepandwa! Mwari kapandwa! Jamani, pepo wa Kizungu!"

Nilipowahi kuificha redio chini ya godoro, kilio kilishafika nyumba ya tatu. Nani angewaambia kwamba mwari wao anasikiliza muziki tu? Ningekiri redio, ungerudishwa Moa jioni ileile. Nikaendelea kutikisa kichwa.

Wakamleta Bi Mwanakombo, fundi wa pepo, kutoka Mwera. Udi, ngoma, shuka nyeupe kichwani kwangu. Pepo wa Kizungu huandaliwa meza na biskuti, na biskuti zilikuwa hazijaonekana mjini tangu lini sijui. Baba alizunguka mji kutwa. Wewe ukajifanya unanishika mgongo, ukaingiza kichwa chini ya shuka.

"Sikiza," ukasema. "Binti akikataa ni utovu wa adabu. Pepo akikataa ni amri. Baba hawezi kumkaripia pepo. Sema hataki harusi."

Ngoma zikanyamaza. Bi Mwanakombo akauliza kwa upole, "Mgeni wetu, watoka wapi?"

"Ulaya," nikasema.

"Karibu. Wataka nini?"

Chini ya ukingo wa shuka niliona miguu ya baba kizingitini. Baba yangu, mtu aliyekuwa akiwacheka wenye pepo, alikuwa amevua viatu. Vidole vyake vilijaa vumbi la kutafuta biskuti. Ningesema neno moja tu, ningetoka mle chumbani. Nikafungua kinywa.

"Betri," nikasema.

"Betri. Na lingine?"

"Biskuti."

"Lingine? Sema yote, mgeni. Akishapewa aliyoyataja, kwa jambo hili pepo hana dai tena."

Ukanibana paja, Tumu. Ulinibana mpaka ngozi ikabadilika rangi. Nikanyamaza.

Baba alizileta betri, mpya, ndani ya karatasi yake, wala sikumuuliza kazitoa wapi. Pepo akipewa hana budi kutulia. Nilitulia, nikaolewa. Hukunisema hata kidogo. Uliniachia redio na kaseti zote, ukavuka mpaka, na baadaye nikasikia umefika Maskati.

Bwana Athumani, yule wa kisogo, si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemkimbia zamani. Hanipigi, hanipunji chakula. Ila kwenda sokoni ni kwa idhini, msibani kwa idhini, na nikisema jambo hujibu, "Nimekusikia," na jambo limekwisha. Akienda dukani natoa redio. Betri sasa si shida, kaseti ya kununua si shida, shida ni mlango. Mpaka leo nasikiliza kwa sikio moja, lile la pili naliacha linaning'inia, lako.

Binti yangu Saumu alivikuta visikizio vile. Sasa ananiletea kaseti mpya kutoka kwa wenzake wa shule, mambo ya mbio hata wewe ungeomba maji. Mimi nampa zile za zamani. Ananiambia, "Mama, hizi za kizee," kisha namsikia anaziimba anapofua. Anataka kumaliza shule. Amelisema, nami nimelifikisha kwa baba yake.

"Nimekusikia," akasema.

Juzi, nilipotoka sokoni na betri zangu, nilikuta fundi anapigilia dirisha la chumba cha Saumu. Wazee wa upande wa pili wanakuja kesho baada ya swala ya Ijumaa kuchukua jibu la posa. Tangu juzi msumari ule naupigiwa mimi, Tumu. Sili.

Lakini pepo hafi. Mtu akishakuwa kiti chake, yaani aliyepandwa naye, ni mpaka kaburini, na Bwana Athumani alinioa akilijua hilo. Kila mwaka hununua pakiti ya biskuti, huiweka mezani kimyakimya, hathubutu kuuliza inaliwa na nani. Kwa pepo wangu ni mwoga kuliko paka kwa maji.

Kesho wakishaketi na kahawa ikishamiminwa, nitaingia sebuleni nimefungua nywele. Shingo imekuwa ya kikubwa, itaniuma, lakini haijasahau. Na mmoja wao lazima ataniuliza lile swali. Naogopa, na huenda nikakuta tena miguu ya mtu ninayempenda kizingitini. Basi popote ulipo, nibane paja. Wakimuuliza pepo anataka nini safari hii, betri ninazo.

Kwa mapenzi na uchungu,
Binti wa shangazi yako, kiti cha pepo wa Kizungu