Mama Anataka Nizime Injini Mteremkoni

Mama Belinda, mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaua mtu, maana hapa Kisondela sina wa kumweleza, wote wananijua na wote walimpenda baba.

Marehemu baba alikuwa na pikipiki, na kila Jumapili tukitoka kanisani Tukuyu alimpakia mama nyuma, mimi mdogo nakaa mbele juu ya tangi, tukifika juu ya mteremko wa mashamba ya chai anazima injini, tunaserereka hadi mtoni, wengine walisema ni ubahili wa petroli lakini mimi najua alizima ili asalimie watu, maana baba hakuweza kumpita mtu hivi hivi, alianza kupaza sauti kabla hata ya kona, "Mugonile! Mugonile!" na huko chini watu wanaitikia wakicheka, ukungu umetanda, chai inanukia, mama amemshika baba kiuno, Mama Belinda, raha kama ile sijaipata tena.

Sasa baba hayupo, tulimzika mwaka juzi, pikipiki nimerithi mimi, na kila tukifika pale juu mama ananigusa bega, "Gwe mwanangu, zima, tushuke kama na baba yako," nami nazima, tunashuka kimya, mama analia kidogo na kutabasamu, na tangu msiba ni hapo tu namwona akitabasamu, nitamkataliaje? Lakini siku hizi kuna bodaboda, kuna fuso za parachichi, vijana wanatembea na muziki masikioni, nimeshaponea chupuchupu zaidi ya mara moja, halafu Jumapili iliyopita mvua imenyesha, jirani yetu Felista kajitwika mkungu wa ndizi, akakwepa dimbwi akaingia katikati ya njia, hakutusikia, breki zimelowa hazishiki, nikaiingiza pikipiki kwenye chai, mkungu chini, Felista chini, mama kachubuka goti, na unajua alisema nini? "Baba yako angemkwepa vizuri." Niliumia sana moyoni. Nikamwambia sizimi tena, akasema basi atakwenda kanisani kwa miguu, na umri wake ule. Nifanye nini?

Lusungu, Kisondela

Lusungu mwanangu, pole kwa kufiwa. Pole nyingine mpelekee Felista, tena uende na mkungu mwingine.

Barua yako imenirudisha mbali. Nami nimekulia Lufingo, si mbali na kwenu, enzi ambazo pikipiki ikipita tunatoka jikoni kuiangalia mpaka ipotee, na jioni bado tunaizungumzia. Zilikuwa siku tamu, sikatai. Ila barabara ile ilikuwa tupu, na hii ya leo imejaa watu.

Sasa nikuseme. Umerithi nusu tu ya alichofanya baba yako. Yeye alizima injini, lakini sauti yake ilitangulia konani. Wewe unashuka kimya kama paka anayewinda, halafu unashangaa Felista hakukusikia! Angekusikiaje? Na usiniambie ajali haina kinga. Hiyo ilikuwa na kinga, ukaizima kwa mkono wako. Hata baba yako, Mungu amlaze pema, alikuwa na bahati.

Kuanzia leo shuka na injini ikinguruma, gia ndogo, ili ikusaidie kushika. Breki zikilowa, zibonyeze kidogo kidogo mapema zikauke. Honi kabla ya kona, taa kwenye ukungu. Na kila aliye mbele yako, awe mtoto, ng'ombe au fuso, hesabu kwamba hajakuona, umwachie nafasi ya kukosea.

Mama akitaka ukimya, simama pembeni pale juu, zima, mshushe, mkae kwenye majani. Awasalimie wapita njia mpaka koo limkauke. Akilia, lia naye, mmepoteza mtu mwema. Mkimaliza, washa mwende. Akishikilia kutembea, usibishane naye, mwambie, "Haya mama, twende wote," mtembee. Wakati wa kupandisha magoti yake yatamshauri kuliko mimi.

Mama yako amebaki na kumbukumbu za mumewe, na unaona kila Jumapili zinavyomliza. Watoto wa Felista bado wana mama. Waachie mama yao.