Miguu ya Mbele ya Landkruza Nyeupe

KITUO CHA POLISI, JUBA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fortunato Ladu Wani
Umri: Miaka 71, kwa hesabu yake mwenyewe
Kazi: Fundi wa magari
Makazi: Juba Na Bari
Lugha: Kiswahili
Mwandishi: Sajini Joy Poni
Tarehe: 14 Machi 2024, saa tano asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa na polisi, nimekuja na miguu yangu. Shule nilisoma kidogo tu, lakini gari nalisoma mpaka mwisho. Natengeneza magari tangu tulipokuwa ukimbizini Uganda, na hapa Juba ukiuliza nani anajua miguu ya mbele ya gari, watu watakuleta kwangu. Andika hivyo, binti yangu.

Mnamo tarehe 11 mwezi huu, siku ya Jumatatu, asubuhi, dereva anayeitwa Lako aliniletea Landkruza nyeupe ya zamani, mali ya ofisi moja ya misaada kule Thongpiny. Lako namjua miaka mingi. Kabla hajazima injini nilimwambia, "Mbele hapo hakuna kitu." Gari lilikuwa linalia kwenye kila shimo na usukani unavuta kushoto. Nililala chini nikatazama. Bushi, zile raba za springi, zilikuwa zimeliwa mpaka chuma kinagonga chuma, na shokapu zote mbili za mbele zimekufa, zinavuja oili. Lako hupita barabara ya Nesitu, na huko malori yanakuja kwa nguvu. Gari la namna hiyo linaua watu.

Lako alikuja na vipuri vipya kwenye maboksi, vilivyonunuliwa na ofisi: bushi, na shokapu mbili za rangi ya manjano. Nilivifunga mimi, kwa mikono hii. Mafundi wengine wanakaza bolti za bushi gari likiwa bado juu ya jeki, ndiyo maana bushi zao zinachanika mapema. Mimi nashusha gari kwanza, likae kwa uzito wake, ndipo nakaza. Zile shokapu za zamani niliziponda kwa nyundo, nikawapa watu wa chuma chakavu, mtu asije akazipaka rangi na kuziuza tena sokoni.

Halafu nilifanya jambo ninalofanya kwa kila gari. Nilichukua oili chafu, nikachanganya na vumbi, nikazipaka zile shokapu mpya mpaka zikafanana na kitu cha miaka ishirini. Sababu ni hii: gari likilala njiani, wezi wanaingia chini yake na tochi. Wakiona manjano inang'aa, wanafungua. Wakiona uchafu, wanapita. Gari nililopaka mimi halijaibiwa kipuri hata kimoja. Siku hizi mafundi wengi wanapaka, lakini wameiga kwangu.

Lako aliniona napaka, akacheka. Alisema, "Usta, umenichafulia bibi harusi." Usta ndivyo wananiita, maana yake fundi mkubwa. Nikamjibu, "Bibi harusi wako atafika nyumbani."

Jumatano tarehe 13, alasiri, gari lilirudi gereji. Ndani alikuwa Lako pamoja na bwana Onesmus, Mkenya, mkubwa wa magari pale ofisini. Bwana Onesmus alisema ametazama chini kwa tochi ya simu, ameona shokapu zimelowa oili, na shokapu iliyolowa oili ni shokapu iliyokufa. Hilo la mwisho ni kweli. Lakini akasema Lako ameuza zile mpya.

Aliniuliza kwa heshima, "Mzee, kweli ulifunga mpya?"

Nikasema ndiyo.

"Na za zamani ziko wapi?"

Nikasema nimeziponda, zimekwenda.

Lako akamwambia, "Bosi, huo uchafu ni wa kupaka."

Bwana Onesmus akacheka. "Nani anapaka oili shokapu mpya? Haya Mzee, nionyeshe tu, tumalize."

Mimi nilikasirika. Mtu haji gereji yangu kukagua mkono wangu kama daftari la mtoto. Nilimwambia, "Kijana, nikisema nimefunga, nimefunga." Lako alivua shati ainame apanguse mwenyewe. Nikamzuia. Gari likiwa kwangu, anayeligusa ni mimi. Alisema, "Usta, nakuomba, kidogo tu." Nikamwambia anyamaze, neno langu linatosha. Nikaenda kunywa chai. Niliposikia mlango wa gari unafungwa, sikugeuka.

Leo asubuhi mke wa Lako, Teresina, alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Alisema bwana Onesmus amemshtaki mume wake kwa wizi, amelala hapa kituoni, na ofisi imeshachukua kitambulisho chake cha kazi. Alisema, "Baba, wewe unajua."

Nilichukua kitambaa na petroli ndani ya chupa, nikaja. Saa nne, mbele yako wewe na mbele ya bwana Onesmus, niliingia chini ya lile gari, lililoletwa hapa uani. Sikuomba jeki, sikuomba mtu anishike. Nilipangusa ya kulia: manjano. Nikapangusa ya kushoto: manjano, na stika ya kiwanda bado imeshika. Uliona kwa macho yako.

Bwana Onesmus aliinama, akatazama sana. Akasema, "Ndizo. Nilizichagua mimi dukani." Halafu akasema, "Mzee, jana hii ilikuwa kazi ya dakika moja."

Nilimwambia zipakwe tena kabla gari halijatoka, wezi bado wapo.

Lako hakuuza kitu. Atolewe, arudishiwe kazi yake. Kama yuko mtu wa kuulizwa zaidi, aulizwe Fortunato, gereji yangu kila mtu anaijua.

Haya nimeyasema mwenyewe, nimesomewa yote, na hakuna aliyenitia maneno mdomoni.

(Sahihi) FORTUNATO

Maelezo ya mwandishi: Nimeyaandika haya mimi na kumsomea shahidi kwa Kiswahili. Ameandika jina lake kwa mkono wake. Shokapu mbili mpya nimeziona chini ya gari. Mlalamikaji ameondoa malalamiko, na mtuhumiwa Lako ameachiwa adhuhuri. Alipotoka, alipita mbele ya shahidi aliyekuwa bado ameketi kwenye benchi. Nilimwuliza shahidi kama ana neno la kuongeza. Akasema niandike, "Pole, Lako." Kisha akaniambia nifute. Sikufuta.

Sajini Joy Poni